Kufufua Peugeot 504 stesheni wagoni iliyolala miaka mingi Malindi

Ukipita nyuma ya majumba ya zamani ya Malindi, hapa na pale utaikuta Peugeot 504 imeegeshwa chini ya mwembe au mwarobaini, magurudumu yamekwisha upepo na paa limefunikwa na majani. Ikiwa ni stesheni wagoni yenye safu tatu za viti, basi yaelekea ilifanya kazi kubwa kabla ya kuachwa hapo. Aina hii ya gari ilitoka Ufaransa mwaka 1968 na kuchaguliwa kuwa gari la mwaka la Ulaya mwaka 1969. Baadaye iliunganishwa humu humu Kenya kwa miaka mingi, ikabeba abiria baina ya miji, walimu, maiti na magunia ya korosho. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda mashindano ya Safari Rally akiendesha 504, na tangu hapo sifa yake ya uvumilivu haikuhitaji mtangazaji.

Sifa hiyo ndiyo inayoiponza. Mtu akiirithi au kuinunua kwa bei ya vyuma chakavu, jambo la kwanza analoambiwa na wanaosimama kutazama ni: "Hebu tia betri tuiwashe tuone." Usikubali. Injini iliyolala miaka kumi huweza kuharibika ndani ya dakika moja ya kulazimishwa, na hata ikiwaka, hujajua kama gari litasimama wala kama lina sakafu. Mpangilio ninaoupendekeza ni huu: karatasi, kisha bodi, kisha breki, kisha tangi na kabureta, kisha injini, maji na umeme, na kuwasha mwisho. Ni mpangilio unaochosha subira, lakini unakuzuia kumwaga fedha kwenye injini ya gari ambalo bodi yake imekwisha kufa.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi. Linganisha nambari ya chesisi na ya injini na zile zilizoandikwa kwenye kadi ya gari kabla ya kulipa chochote. Uhamisho wa umiliki hufanywa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, na unamhitaji mwenye jina lililo kwenye kadi. Mara nyingi mwenye jina hilo ni marehemu, na hapo gari ni sehemu ya mirathi. Warithi wakiwa Waislamu, suala hilo linaweza kwenda Mahakama ya Kadhi. Mjukuu mmoja kukukabidhi ufunguo si sawa na warithi wote kukubali, na kadi isiyo na jina lako inakufanya mtunza gari la watu.

Bodi

504 haina chesisi ya pekee chini yake. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, springi na abiria, kwa hiyo kutu ikila mahali penye kubeba uzito, imekula mfupa wa gari. Tena kutu ya pwani haianzi mahali unapoiona. Huanzia baina ya bati mbili zilizochomelewa pamoja, ambako unyevu wa chumvi huingia na usitoke, na kufikia wakati rangi inavimba, ndani chuma kinabanduka tabaka tabaka kama chapati.

Toa viti vyote, toa kapeti, toa na ile lami ya kuzuia sauti iliyobandikwa sakafuni ikiwa imeachana na bati. Chukua sumaku iliyofungwa kitambaa na uipitishe polepole kwenye kingo za milango, juu ya magurudumu ya nyuma na chini ya mlango mkubwa wa nyuma. Mahali ambapo sumaku haishiki pana pati tupu, ile lepe la kuzibia mabonde ya bodi, si chuma. Kisha chukua bisibisi pana, ulale chini ya gari likiwa limeegemezwa juu ya stendi imara na wala si jeki peke yake, na ugonge kwa mpini. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti ya kufa, na ukikigeuzia ncha ya bisibisi inapenya.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni chini ya kioo cha mbele. Majani ya mwembe huanguka kwenye nafasi ile, yakaziba matundu ya kutolea maji, yakaoza na kuwa mbolea nyeusi inayoshika maji ya masika kwa wiki nyingi. Zoa mbolea hiyo kwa mkono, usipulizie maji kwanza, maana maji yatasukuma uchafu ndani ya milango na vizingiti. Ukikuta tundu hapo, maji yamekuwa yakishukia sakafuni upande wa dereva au wa abiria, na kapeti yenye unyevu ndiyo iliyomaliza kazi. Baada ya hapo kagua minara ambamo shoki za mbele zimeshikwa, vizingiti vya pande zote mbili, na sehemu za nyuma zinazopokea springi. Stesheni wagoni hii ina ekseli nzima ya nyuma yenye springi nne za koili, mbili kila upande, tofauti na ya saluni, na ndiyo sababu iliweza kubeba mzigo mkubwa bila kukaa kitako. Mwisho, shusha gurudumu la akiba linaloning'inia chini ya sakafu ya nyuma, kwani juu yake hukusanyika udongo ambao haujaguswa tangu gari liegeshwe.

Sasa toa hukumu yako. Sakafu iliyotoboka hutengenezeka. Vizingiti hutengenezeka kwa gharama. Lakini minara ya shoki ikiwa imeoza pamoja na mashiko ya springi za nyuma, shauri langu ni gari hilo liwe la kutolewa vipuri, na utafute jingine lenye bodi nzima hata kama injini yake imeganda. Injini ya 504 inapatikana na inatengenezeka. Bodi nzima ya stesheni wagoni pwani ni adimu.

Ukiamua kuendelea, mwambie fundi bodi akate mpaka afikie chuma kinachong'aa, achomelee bati jipya, apake praima yenye zinki, na ndipo pati nyembamba ifuate kwa ajili ya kulainisha tu. Kubandika faiba juu ya kutu ni kuificha mpaka mvua ya pili. Betri itolewe kabla ya kuchomelea, na tangi la petroli liondolewe kabisa na kupelekwa mbali. Tangi tupu lina hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke wa petroli ndio unaolipuka.

Breki na magurudumu

Hapa hakuna cha kuokoa kwa kubahatisha. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Malindi haina upungufu wa unyevu, kwa hiyo baada ya miaka mingi masta silinda na silinda za magurudumu huwa zimeliwa ndani na pistoni zake zimeshikana. Gari hili lina diski mbele na dramu nyuma. Fungua zote nne, badilisha mipira yote, na silinda yoyote yenye mashimo ndani uitupe. Paipu za chuma zinazopita chini ya gari zibadilishwe hata kama hazijavuja, kwa maana zinaoza kutoka nje mahali zinaposhikwa na klipu, usipopaona. Hosi za mpira nazo huvimba ndani. Breki hushika, kisha hukataa kuachia, na dereva hudhani tatizo ni dramu.

Matairi yana tarakimu nne ubavuni zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2311 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Tairi la umri huo huweza kuwa na meno mazuri na bado likapasuka barabarani. Nunua mapya ya rimu ya inchi 14.

Tangi na kabureta

Petroli iliyokaa miaka hugeuka utomvu wa kahawia unaonuka kama vanishi. Imwage yote, na usiichanganye na mpya. Kwa kutu ya ndani ya tangi, tia siki pamoja na kipande cha mnyororo, tikisa, liache usiku mzima, kisha suuza kwa maji yaliyoyeyushwa magadi ili kuua asidi, suuza tena kwa maji matamu, likaushe juani mara moja na ulimiminie petroli kidogo iliyochanganywa na oili kabla kutu mpya haijaanza. Badilisha hosi zote za mafuta. Kiwambo cha pampu ya petroli kikiwa kigumu, petroli huweza kuvuja kuingia kwenye oili ya injini bila dalili ya nje, kwa hiyo kibadilishe pia.

Kabureta ifunguliwe juu ya sinia jeupe ili vijipande visipotee, ioshwe, na jeti zipulizwe kwa upepo. Fundi akichukua waya kuzichokora, mzuie, kwa sababu tundu la jeti lilipimwa kwa usahihi ambao waya hauujui.

Injini

Injini nyingi za petroli za 504 ni za lita mbili, sentimita za ujazo 1971, zenye bloku ya chuma na silinda hedi ya alumini. Plagi zimekaa ndani ya mashimo marefu, na mashimo hayo hujaa vumbi, mchanga na hata viota vya wadudu. Puliza kwa upepo wa kompresa kabla ya kulegeza plagi yoyote, la sivyo kila kilichomo kitaangukia ndani ya silinda. Weka alama kwenye nyaya za plagi kabla ya kuzitoa. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na Peugeot huhesabu silinda namba moja kutoka upande wa flaiwili, yaani upande wa dereva na si wa redieta. Fundi aliyezoea magari ya Kijapani akianza kuhesabu mbele, taiming yake itampa taabu ya siku nzima.

Plagi zikishatoka, mimina katika kila silinda kiasi cha vijiko viwili vya mchanganyiko wa oili ya giaboksi ya otomatiki na dizeli, uziache siku kadhaa huku ukiongeza kidogo. Kisha tia spana ndefu kwenye mbele ya krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, na uijaribu polepole, mbele kidogo na nyuma kidogo. Ikisogea hata kwa upana wa kidole, una bahati. Endelea kuichezesha hivyo hivyo mpaka izunguke mzunguko kamili. Isiposogea, ongeza mchanganyiko na ungoje. Kuivuta gari kwa kamba huku gia imeingizwa ni njia ya haraka ya kuvunja ringi za pistoni.

Kabla ya mzunguko wa pili, fungua kifuniko cha valvu na utazame kila valvu ikishuka na kurudi. Iliyoganda itapinda fito yake. Nafasi za valvu hupimwa injini ikiwa baridi: milimita 0.10 kwa valvu za kuingiza na 0.25 kwa za kutoa moshi.

Ikibidi kufungua hedi, hapa ndipo mahali pa hatari kuliko pote katika kazi hii, na ningependa msomaji apasome mara mbili. Slivu za injini hii, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimezungukwa na maji moja kwa moja. Zimekaa juu ya sili nyembamba chini, na kinachozibana zisitikisike ni hedi peke yake. Ukivuta hedi iliyogandana nazo kwenda juu, slivu huja nayo. Ukizungusha krenki hedi ikiwa imetolewa, pistoni huziinua. Kwa jicho hakuna kilichoharibika. Lakini chembe ya kutu imeshaingia chini ya sili, na ukiisha kuunganisha kila kitu, maji yatashuka polepole kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na oili itageuka rangi ya chai ya maziwa. Kwa hiyo hedi isivutwe juu: baada ya kulegeza bolti zote, itikiswe kulia na kushoto kwa fito mbili mpaka iachane na slivu, ndipo iinuliwe. Papo hapo slivu zibanwe kwa washa kubwa na bolti kwenye matundu ya bolti za hedi, na asiwepo mtu wa kugusa krenki mpaka zibanwe. Faida ya muundo huu ni kwamba slivu zikiwa zimechakaa, hubadilishwa pamoja na pistoni zake kama seti, bila kupeleka bloku kuchongwa.

Oili ya zamani ya injini imwagwe kabla injini haijawashwa, na uitazame kwa makini chini ya sampu: tone la maji hutangulia kutoka. Giaboksi ya gari hili ilibuniwa kutumia oili ya injini, wala si ile nzito ya difu, ingawa wengi hutia nzito kwa mazoea kisha wakalalamika kuwa gia za asubuhi ni ngumu.

Maji ya kupoza

Visima vingi vya Malindi vina maji ya chumvi, na maji hayo ndiyo yaliyoua hedi nyingi za alumini kabla ya joto kuziua. Alumini na chuma vikikaa pamoja ndani ya maji ya chumvi, alumini huliwa, na huanzia kwenye njia za maji zilizo karibu na gaskiti, mahali pembamba. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi au maji yaliyokenekwa (distilled), pamoja na kulanti kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Wapo wanaosema kulanti ni ya nchi za baridi. Kazi yake hapa ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka.

Vivyo hivyo termostati, kile kifaa kinachozuia maji yasipite redieta mpaka injini ipate moto. Desturi ya kuitoa "kwa sababu pwani ni joto" huifanya injini ikawie kupata joto lake la kazi, oili ibaki na unyevu, na silinda zichakae. Iache mahali pake, baada ya kuijaribu ndani ya sufuria ya maji ya moto uone inafunguka.

504 nyingi zina feni inayoshikwa kwa sumaku ya umeme: injini ikipata joto, swichi huipelekea umeme nayo hushika puli. Brashi yake ndogo ya kaboni ikikwama, gari hupoa vizuri kwenye barabara kuu na huchemka likikwama nyuma ya tuktuk sokoni. Ukiona dalili hiyo, chunguza feni kwanza kabla ya kulaumu redieta.

Umeme

Panya hupenda waya kuliko wanavyopenda korosho, kwa hiyo fuata kila waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Penye kutu ya kijani, kata mpaka shaba inayong'aa. Safisha mashiko yote ya waya za ethi kwenye bodi na uyapake grisi. Pointi za distribyuta zisuguliwe kwa msasa laini na ziachwe nafasi ya milimita 0.40.

Kuwasha

Plagi zikiwa nje, zungusha injini kwa stata mpaka taa ya oili izimike. Hapo beringi zimepata oili. Rudisha plagi. Uwe na kizima moto mkononi na mtu wa pili pembeni. Usimwagie petroli mdomoni mwa kabureta kutoka kwenye chupa, kama wafanyavyo wengi, maana injini ikipiga mwali kurudi nyuma itaikuta chupa bado mkononi mwako. Jaza chumba cha kabureta kupitia hosi yake, kisha washa.

Moshi mweupe na wa buluu utatoka mwingi mwanzoni, kwa ajili ya yale uliyomimina ndani ya silinda. Ukiendelea kutoka mweupe injini ikiwa moto, na maji yanapungua, hiyo ni gaskiti au hedi. Iache iungurume taratibu hadi termostati ifunguke, ujaze maji yaliyopungua, kisha uizime na kumwaga oili hiyo ingali moto. Klachi ikiwa imegandana na flaiwili, kandamiza pedeli kwa kipande cha mti usiku mzima; mara nyingi huachia yenyewe.

Safari ya kwanza iwe ndani ya kiwanja, ya pili mpaka Gede, ambayo ni kilomita 15 hivi, na ukifika ushuke uguse katikati ya kila rimu. Moja ikiwa moto kuliko nyenzake, breki yake haijaachia au beringi yake inabana. Safari ya Mombasa, kilomita 120, isubiri mpaka uwe umekaza tena bolti zote za magurudumu na kuhakikisha maji hayapungui.

Gari likisha kurudi barabarani, liendeshe angalau mara moja kwa wiki, na wakati wa kusi, upepo unapobeba chumvi ya bahari hadi ndani ya mitaa, lioshe chini kwa maji matamu. Tangi lisikae nusu tupu. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Vipuri ambavyo hupati Malindi au Mombasa, jaribu maduka ya Kirinyaga Road jijini Nairobi, ambako wazee bado wanapaita Grogan. Nenda na kipuri cha zamani mkononi, kwa sababu 504 zilitoka na kabureta na pampu za aina zaidi ya moja na muuzaji atakupa iliyo karibu. Gaskiti ya hedi na sili za slivu ununue seti mbili kwa safari moja.